Chungu Kilichooshwa

Mwenye kutafuna amalize, mwenye kusinzia akanawe uso, maana hadithi hii ina swali mwishoni na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa. Nawaambia mapema pia kwamba si hadithi ya kuchekesha. Kila nikiisimulia hupandwa na hasira, na mpaka leo sijajua nimkasirikie nani.

Walikuwapo wanawake watatu Mkokotoni, kaskazini Unguja, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Zeyana, naye alijaaliwa pua. Akipita nje ya dirisha lako alijua kama samaki wako ni wa leo au wa jana, na kama chai yako umeitia hiliki au umeipasha tu. Watu walimtania kuwa mumewe alimwacha kwa sababu ya pua hiyo, kwa vile hapakuwa na safari aliyoweza kumdanganya. Huenda ni kweli. Aliachwa, akarudi kwa mama yake, akamuuguza miaka mitatu.

Wa pili ni dada yake mkubwa, Biubwa, aliyeolewa mjini, naye alijaaliwa mikono. Biubwa haoni kazi akaipita. Akija kwako kwa salamu, kabla hujamwitikia ameshafagia ukumbi, na ukienda kumchemshia chai utamkuta anasugua sufuria zako. Jambo likimpitia moyoni, mikono hufika mwanzo na akili hufuata nyuma ikihema.

Wa tatu hakuwa damu yao. Ni Bi Arafa, mke mdogo wa marehemu baba yao, yaani mke mwenza wa mama yao. Yeye alijaaliwa kutotupa kitu. Kamba ya kufungia mzigo, kifuniko cha chupa, mfuko wa sukari wa mwaka ule sukari ilipoadimika, vyote utavikuta chini ya kitanda chake. Ukimcheka alikujibu kwamba kitu hakina kosa, mwenye kosa ni anayekitupa.

Sasa huyo mama yao. Jina lake Bi Kazija, na alikuwa mchomaji wa mofa. Mofa ni mkate wa unga wa mtama, unabandikwa ndani ya tanuri la udongo mpaka ukakauka mgongo, na ukiuchovya kwenye mchuzi wa pweza utasahau ulichokuwa unalalamikia. Wachomaji wa mofa wako wengi. Mkate wa Bi Kazija ulijulikana kwa harufu tu, kutoka njia panda.

Siri ilikuwa chachu. Bi Kazija hakununua hamira dukani. Alikuwa na chungu kikuukuu, alikirithi kwa mama yake, na mama yake alikirithi kwa wake. Kila siku akishakanda alibakisha donge ndani ya chungu, akalilisha unga na maji, akalifunika kwa kawa, na kesho yake donge lile ndilo lililoumua unga wa siku nzima. Kwa hiyo mkate uliokula leo ulikuwa mtoto wa mkate waliokula babu zako. Chungu kile hakikuwahi kuoshwa tangu kilipotoka mkononi kwa mfinyanzi.

Alipojiona hanyanyuki tena, Bi Kazija alimwita Mwalimu Vuai, mwalimu wa chuo cha Kurani ambaye ndiye aliyekuwa akigawa mirathi pale mtaani. Akawaita na mabinti zake. Akasema vitu vingine vyote vigawiwe kwa faraidhi kama Mungu alivyoagiza, lakini chungu kina wasia wake.

"Atakayeiweka chachu yangu hai mpaka arobaini yangu ipite, chungu chake, tanuri lake, na mkate wa jina langu ni wake. Awe nani, awe nani. Lakini awe mmoja."

Mwalimu akamuuliza kwa nini mmoja, na yeye ana mabinti wawili, na chachu inamegeka.

"Chachu inamegeka, chungu hakimegeki," akasema. "Na chungu cha watu wawili hufa njaa. Kila mmoja hudhani mwenzake amekilisha."

Mabinti wakaridhia, Mwalimu akashuhudia. Miezi mitatu baadaye, siku ya Alhamisi alfajiri, Bi Kazija akafariki.

Mtaa ule una desturi. Mtu akifa, maji yote yaliyokuwamo nyumbani humwagwa na kila chombo huoshwa, na jiko haliwashwi siku tatu. Majirani ndio wanaoleta chakula. Ukiuliza sababu utaambiwa ndivyo tulivyowakuta wazee. Biubwa alifika kutoka mjini saa nne asubuhi. Alilia tangu mlangoni, na huku analia mikono ikamtoka ikaenda jikoni. Akamwaga mitungi, akaosha sahani, akaosha masufuria, akaosha na kile chungu. Alikisugua kwa kumbi la nazi na majivu, machozi yakimdondokea ndani, mpaka kikawa chekundu kama siku kilipochomwa.

Kisha wanaume wakagonga mlango wa uani wakitaka chombo cha kubebea maji ya kumwagia kaburi. Biubwa akawapa kilichokuwa karibu na mkono, kisafi kuliko vyote. Na desturi nyingine ya mtaa ule ni kwamba chombo kilichomwagia kaburi hakirudi nyumbani. Hubaki palepale, kichwani pa maiti.

Zeyana hakuyaona hayo. Alikuwa ndani, kwenye mkeka, wanawake watatu wamemshika, sauti imemkauka kwa kulia.

Siku ya nne, jiko lilipowashwa, aliingia kwenda kuilisha chachu. Hakuhitaji kuangalia. Pale mlangoni tu pua yake ilimwambia kwamba hamna kitu mle. Jiko lililonuka uchachu maisha yake yote lilikuwa linanuka majivu na usafi. Akaangalia penye chungu, akaona duara jeupe sakafuni.

Alimkuta dada yake anafua mashuka. Hakupaza sauti, na wanaomjua wanasema hapo ndipo walipoogopa.

"Mama kafa Alhamisi saa kumi na moja," alimwambia. "Weye umekuja ukamuua tena saa nne."

Biubwa alisema alikuwa akiosha tu, hakuona anaosha nini. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Zeyana alimwambia mengi siku ile, mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Alimwambia kwamba miaka mitatu aligeuza mwili wa mama peke yake, yeye yuko mjini anapiga simu siku ya Ijumaa, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Halafu siku moja aliyokuja, siku moja tu, amemwaga kazi ya watu watatu waliolala makaburini. Akahamisha mkeka wake, akaapa hatakula sinia moja na Biubwa. Kuanzia hapo, akitaka kumwambia chumvi iko wapi, alimtuma jirani.

Na mimi namwelewa. Mwanamke aliyeachwa, hana shamba, hana kazi nyingine anayoijua. Chungu kile ndicho kilichokuwa kesho yake. Lakini hasira ya Zeyana ilikuwa na kitu kingine ndani yake, nacho nitakisema wakati wake.

Sasa sikilizeni alichofanya Biubwa.

Pale mtaani wanawake hawaingii makaburini. Haijawahi kuonekana. Siku ya tano, saa tatu ya asubuhi, jua limeshapanda na wanaume wamekaa barazani kwa msikiti, Biubwa alivaa buibui lake akapita mbele yao, akakata njia ya makaburini. Mwalimu Vuai alisimama akamwita kwa jina. Akajibu bila kugeuka kwamba anakwenda kuchukua alichokitoa. Wakamwona anaingia, wakamwona anatoka na chungu kichwani, vumbi la kaburi la mama yake limemjaa viganjani. Aliurudia mtaa mzima hivyo hivyo, polepole. Wengine waligeuza nyuso. Mchana ule mumewe akapiga simu kutoka mjini: habari zimemfika, amemwaibisha, na asirudi mpaka atakapoitwa.

Biubwa alikiweka chungu mbele ya mdogo wake. Mdomo ulikuwa umevunjika kipande. Zeyana hakusema ahsante. Alitia unga wa mtama na maji, akafunika, akangoja. Alikuwa na tamaa kwamba huenda udongo umebakisha chochote. Siku ya nne yake kukaota ukungu wa kijani, na harufu ilikuwa ya ukuta uliovujiwa na mvua. Jirani mmoja akasema maji yakimwagika hayazoleki, na Zeyana akamtazama hivi kwamba yule mama alikumbuka ana kitu jikoni kwake.

Siku ya kumi na mbili Mwalimu Vuai aliamua vitu vya marehemu vitolewe vigawiwe. Wakatoa kasha katikati ya ukumbi. Mmeshawahi kufungua kasha la mama yenu aliyekufa? Basi Mungu awacheleweshee. Zilitoka doti za kanga ambazo hazijapindwa, alizoziweka kwa siku njema ambazo hazikufika. Ikatoka miwani yenye sikio moja, jingine uzi. Tasbihi. Makubadhi yaliyolika upande mmoja, kwa sababu Bi Kazija aliuburura mguu wa kushoto. Mabinti waligawana bila kutazamana, kwa kumtazama Mwalimu. Hii yake. Ile ya mwenzake. Kwenye makubadhi wote wawili walinyoosha mkono, wote wawili wakaurudisha, na pale pale ugomvi ukawaka, kila mmoja akimlalamikia Mwalimu, juu ya makubadhi mabovu ambayo hayakumtosha hata mmoja wao. Mwalimu ikambidi ayakalie.

Ndipo Bi Arafa alipobisha hodi.

Wote wakageukia mlango, kwa sababu Bi Arafa alikuwa hajavuka kizingiti kile miaka kumi na moja. Zamani, asubuhi moja, Bi Kazija aliliona donge lake la chachu limemegwa. Akasema aliyemega ni mke mwenziwe. Bi Arafa akakana, akaapa kwa msahafu mbele ya watu, na kiapo ni kiapo. Mtaa wote ukamwamini aliyeapa. Bi Kazija akaitwa mzushi, mwenye wivu, anayemsingizia mwenziwe kwa donge la unga, na jina hilo aliingia nalo kaburini. Hata Zeyana wakati ule alimwambia, "Mama, pengine ulikosea hesabu."

Bi Arafa hakukaa. Aliweka kopo la maziwa juu ya kasha, kopo lenye kutu, mfuniko wake umefungwa kwa kitambaa.

"Niliapa kwamba si mie," akasema. "Ni mie."

Akawaeleza. Alitaka naye achome mofa, baba yao asimwone si kitu. Akamega donge, akalianika juu ya kawa likauka, alifiche mpaka maneno yapoe. Kisha akaapishwa, na baada ya kuapa hakuweza kulitumia, maana angechoma mkate mmoja tu, harufu ingemtangaza mtaa mzima. Na kulitupa pia hakuweza.

"Mie kitu sikitupi, Zeyana. Unanijua. Nimesikia chungu kimeoshwa. Nimekaa siku nane nikijiuliza aibu yangu na hili kopo, kipi nikitupe."

Zeyana alilinyakua kopo akasimama nalo mlangoni, mkono juu, alitupe uani kwa kuku. "Mama yangu kaitwa mzushi miaka kumi na moja," akasema, "na ukweli wake ulikuwa chini ya kitanda chako. Angalau ungekuja kabla hajafa. Angalau angekufa anajua tumejua."

Lakini mkono ule ulipopanda, mfuniko ulilegea. Harufu ikatoka, nyembamba, kavu, ya mbali. Pua ile ikaikamata. Ilikuwa harufu ya jiko lao, ya upande wa kanga ya mama, ya kila asubuhi aliyoamka akiwa mtoto. Mkono ukashuka wenyewe. Msije mkasema alimsamehe. Hakumsamehe. Alikaa chini na kopo mapajani, akauliza maji ya vuguvugu yako wapi.

Sasa sikilizeni alichofanya Zeyana.

Vipande vile vya donge vilikuwa vigumu kama maganda ya nazi. Aliviloweka kwenye bakuli, kwa sababu chungu kilikuwa na ukungu. Siku tatu hapakuwa na kitu, unga umetulia chini, maji yamesimama juu. Akainusa, akasema iko mle lakini haitaki nyumba hii. Akakileta chungu, akakiweka mbele ya dada yake, na akamwambia neno la kwanza baada ya siku kumi na moja.

"Kioshe."

Biubwa alikiosha kwa maji matupu, hakutia majivu, na alilia zaidi kuliko siku ya kwanza. Zeyana akamimina mle. Asubuhi na alasiri aliilisha ngumi ya unga na kata ya maji, akiyapima maji kwa kifundo cha mkono kama wanavyomwogesha mtoto mchanga. Alikifunga chungu kwa kanga ya mama yake akakiweka ubavuni mwa tanuri, karibu vya kutosha kupata joto, mbali vya kutosha kisiive. Ikinuka siki aliipunguza, ikinuka unga mbichi aliiongezea muda. Hakuna aliyeweza kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyenusa alichokinusa. Siku ya tano ilitoa povu moja, dogo. Siku ya saba alifunua kawa akaikuta imepanda mpaka shingoni, imejaa matundu, inanuka kama inavyotakiwa kunuka.

Wengine wote walishangilia. Zeyana alitoka uani akapiga ukuta wa tanuri kwa kiganja mpaka kikachubuka. Alikasirika kwamba chachu imerudi na mama hakurudi.

Siku ya arobaini ikafika. Zeyana alichoma mofa ya hitima, na watu waliijua kutoka njia panda. Waliomwita Bi Kazija mzushi walikula wakiangalia chini, na mmoja aliomba aongezwe, akapewa, ingawa mimi nisingempa. Walipokwisha nawa, Mwalimu Vuai akasema kazi imebaki moja. Akakiweka chungu katikati ya mkeka. Akaurudia wasia neno kwa neno: atakayeiweka chachu hai, awe nani, awe nani, lakini awe mmoja.

Watu wakaanza.

Walikuwapo waliosema ni cha Bi Arafa. Chachu ya chunguni ilikufa Alhamisi, wakasema, ya Zeyana ikafa ukungu. Iliyo hai tangu zama za bibi zao ni ile ya kwenye kopo peke yake. Bila kopo hakuna chachu, na marehemu alisema awe nani, hakusema awe mwanangu. Wengine wakawauliza, tangu lini mwizi akarithi alichoiba, na juu yake akaapa uongo, na juu ya uongo akamwachia mwenziwe fedheha mpaka kaburini?

Walikuwapo waliosema ni cha Biubwa. Kwenye bakuli chachu ilikataa, wakasema, ikaamkia chunguni, na chungu kilikuwa makaburini. Hakuna mwanamume aliyejitolea kwenda kukichukua. Aliyekwenda ni yeye, akapita mbele ya macho yote yale, na mpaka leo mumewe hajamwita. Bila chungu hakuna chachu. Wengine wakawauliza, na kilifikaje makaburini?

Na wengi, wengi zaidi, walisema ni cha Zeyana. Kopo ni vumbi na chungu ni udongo, wakasema, aliyevitia roho ni pua yake. Bila yeye hakuna chachu. Tena yeye ndiye aliyemuuguza mama, tena hana pengine pa kwenda, tena kati ya wote watatu ni yeye tu asiyekosa kitu. Hapo hapakuwa na wa kuwauliza chochote.

Biubwa akainuka kwa magoti. "Apewe Zeyana," akasema. "Aliyemwaga ni mie. Nimeridhia."

Bi Arafa akatikisa kichwa kuonyesha naye karidhia. Mwalimu Vuai akapumua, akakishika chungu kwa mikono miwili kumkabidhi.

Kilichobaki kwa Zeyana kilikuwa kukipokea. Anyamaze tu. Kesho yake ilikuwa pale mbele yake, inatoa povu. Akamtazama dada yake aliyeshikilia kosa lote peke yake siku arobaini, na hasira ikampanda kuliko siku zote, na safari hii alijua inakwenda kwa nani.

"Kiweke chini, Mwalimu," akasema.

Akasema hivi. Wiki moja kabla ya kufa, mama yake alimshika mkono akamwambia: Zeyana, siku nikifa watu watajaa na vyombo vitaoshwa. Basi kabla hujalia, toa donge. Litie kwenye bakuli, ulipeleke kwa jirani, ndipo urudi ulie. Akamwahidi. Na Alhamisi ile, mama alipokata roho, chumbani walikuwa wawili tu, yeye na marehemu. Alikuwa na saa tano nzima kabla Biubwa hajafika. Alilia. Hakukumbuka. Alipoingia jikoni siku ya nne ndipo alipokumbuka, na katika kukumbuka huko akamgeukia dada yake.

"Da Biubwa aliosha asichokijua," akasema. "Mie niliambiwa. Nikaona aibu, nikamtupia yeye. Nimemwita muuaji siku arobaini ili nisijiite mie."

Biubwa aliinua mkono, na watu walidhani atampiga, na mimi nasema alikuwa na haki. Aliushusha. Alikwenda akakaa mwisho wa mkeka, akampa mdogo wake mgongo. Siku arobaini za kuomba radhi kwa kosa la watu wawili, jamani. Mumewe hajamwita, dada yake kamficha, na bado kasema ameridhia.

Mwalimu Vuai alisema faraidhi anaijua, anaweza kukugawia minazi, kitanda, hata makubadhi. Hiki hakijui. Wasia unataka mmoja, na mmoja hayupo: aliyeiba ndiye aliyehifadhi, aliyemwaga ndiye aliyekwenda kuchukua, aliyesahau ndiye aliyefufua. Ukimtoa yeyote kati yao, chungu ni kitupu. Ukiangalia makosa, hakuna aliye mbele ya mwenziwe. Na kukiacha kwa wote watatu ni kukiua, marehemu alikwisha sema.

Wakati wanasema hayo adhana ya alasiri ikasikika, na huo ndio wakati wa kuilisha. Chachu ilikuwa imeanza kushuka. Zeyana aliisikia harufu yake, ile ya siki inayokuja chachu inapopata njaa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Unga ulikuwa pale kwenye ungo, na maji kwenye kata. Bi Arafa aliutazama unga. Biubwa aligeuza uso kidogo, mikono yake imeshaanza kufunguka. Zeyana aliikalia yake. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza, kwa sababu atakayeilisha ndiye atakayesema ni yake.

Basi nawageukia nyinyi mlioshiba. Je, wewe ungeamua vipi? Unga ungeutia mkononi mwa nani? Nijibuni, na msijifanye mnafikiri sana. Chachu ina njaa sasa hivi.